Mkono wa Mama Kostiuk

Jumamosi ya Desemba, soko la Forks pale Winnipeg hufurika watu mpaka unakosa pa kupitisha bega. Humo ndimo Solveig Arnason, koti refu la buluu na kofia nyekundu ya sufu, alipommwagia kahawa seremala Bohdan Kostiuk. Aliomba radhi mno, hadi bwana yule akacheka na kusema basi amnunulie nyingine wainywe pamoja. Kahawa ile iliwafikisha mbali jamani. Theluji ilipoyeyuka, walikuwa hawalali bila kupigiana simu.

"Kadi uliyonitumia nimeichunguza, kipenzi," Solveig alimtania usiku mmoja, maana kazi yake ilikuwa kupima sahihi zinazotiliwa shaka. "K ya sahihi yako inarusha teke kama punda."

"Ole wangu. Nimempenda askari."

Kisha mama yake Bohdan, Olha Kostiuk, akafariki. Wosia ulimwachia Bohdan nyumba, na dada yake Larysa akaenda mahakamani kudai kwamba sahihi ya mama imeghushiwa. Faili likatua mezani kwa Solveig. Chini ya kioo cha kukuzia aliona wino unatetemeka, unasita, na kwenye K, teke lile lile.

Mchunguzi mwenye uhusiano na mdaiwa hulikabidhi faili kwa mwenzake na kufunga mdomo. Solveig alimkabidhi mzee Renaud, akamwambia Bohdan asimpigie simu mpaka kesi iishe. Hiyo ni sheria, hakuna wa kumlaumu. Lakini moyoni alikwisha kumhukumu, na hilo halimo katika sheria yoyote.

Renaud alichunguza taratibu, akatoa jibu: sahihi ile ina mikono miwili. Mgonjwa ameshika kalamu mwenyewe, mtu amemshikilia ngumi isianguke, na mwandiko wa mshikaji umepenya ndani ya wa mgonjwa. Muuguzi aliyekuwapo siku hiyo aliapa kwamba ndivyo alivyoona, na mahakama ikaukubali wosia. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hufundishwa jambo hilo. Wanasema ukipenda, chongo huita kengeza; Solveig alipenda, akaona chongo ambalo halikuwepo.

Alimkuta Bohdan karakanani akipiga randa mlango, vumbi la mbao limemjaa nyusini. Alimweleza yote, hata lile la K. Bohdan aliiweka randa chini.

"Uliusoma mkono wangu. Mdomo wangu hukuuuliza."

"Nilikatazwa."

"Kesi imeisha wiki nzima sasa."

"Nimeona aibu, Bohdan."

"Basi niulize."

Solveig alivua kofia. "Ulighushi sahihi ya mama yako?"

"Hapana. Aliniomba nimshike mkono, nikamshika." Mawakili walikwisha kumuuliza hayo mara nyingi, kwa kiapo. Huyu ndiye wa kwanza kumuuliza huku akitaka kumwamini. Akaketi juu ya mbao, akamlilia mama yake kwa mara ya kwanza tangu mazishi, na Solveig akaketi pembeni yake.