Mlio wa Kifua cha Mpira

Mimi na shangazi tunafua mashuka ya hospitali. Yeye anaongea, mimi nasikiliza. Ndiyo maana ananiita Bi Kimya.

Asubuhi moja wafanyakazi wote tuliitwa kwenye mafunzo, hata sisi madobi.

"Nifundishwe nini? Kukamua wagonjwa?" shangazi alisema. Akabaki na mashuka yake.

Nilikwenda peke yangu. Sakafuni alilala mwanamume wa mpira, hana miguu. Sikuelewa kama tumekuja kumtibu au kumzika.

"Huyu ameanguka," sista aliyetufundisha aliniambia. "Unafanya nini?"

"Shikamoo, baba," nilimwambia mwanamume wa mpira. Watu wakacheka.

"Vizuri, lakini mtikise mabega umwite kwa sauti," alisema sista. "Haitiki? Mtazame kifua. Hapumui, au anakoroma kwa mbali tu? Huko si kupumua. Mwonyeshe mtu mmoja kidole, akaite msaada. Wewe bonyeza katikati ya kifua, kwa nguvu, haraka haraka. Kila mara kiache kirudi juu."

Nikabonyeza. Kifua kikalia *ka!* Nikaruka nyuma.

"Nimemvunja, sista!"

"Hujamvunja. Huo mlio unakuambia umebonyeza vya kutosha. Sasa umeacha, na damu yake imesimama. Usiache mpaka apumue au msaada ufike."

Nilirudi kichwa kikizunguka. Shangazi alicheka mpaka akashika ukuta. "Yaani umeshinda unamkanda mdoli!"

Wiki hiyo hiyo, tukikunja mashuka, shangazi alinyamaza katikati ya maneno. Nilidhani anatafuta neno. Akaanguka sakafuni.

"Shangazi! Shangazi!" Nilimtikisa. Hakuitika. Akakoroma mara moja, kama aliyelala. Amelala? Anapumua? Nikakumbuka: huko si kupumua.

Nilimwonyesha kidole msukuma toroli aliyekuwa akipita. "Wewe! Kamwite sista!" Sikujua nina sauti ile.

Nikabonyeza. Nikasubiri *ka*. Kimya. Nikazidisha nguvu. Kimya. Nakosea wapi? Niache? Machozi na jasho vilinichanganyikia machoni, lakini mikono iliendelea.

Sista aliingia mbio na mashine ya kushtua moyo.

"Sista, halii *ka*!"

"Mtu halii kama mdoli! Bonyeza!"

Alibandika mashine huku nikibonyeza. "Sasa mwacheni, mtu yeyote asimguse!" Mwili ukaruka. "Bonyeza tena!" Nikabonyeza, mpaka shangazi akavuta pumzi na kusukuma mkono wangu.

Kesho yake wodini aliuliza kwa sauti nyembamba, "Nani amenikanyaga kifua?"

"Ni mimi, shangazi."

Alinitazama. Akaushika mkono wangu.

Alipopona, alikuja kwenye mafunzo akakaa kiti cha mbele. Mpishi alimgusa mwanamume wa mpira kwa vidole viwili, kama anayepima joto la chai.

"Bonyeza, wewe!" shangazi alifoka. "Unamwonea haya? Mimi nimebonyezwa na Bi Kimya, na bado naongea!"