Shemeji Alivyoua Samaki Wangu kwa Sifongo za Baharini

Nina miaka arobaini na mmoja, ni mjane, naishi Hewa Bora, Lubumbashi. Wasomaji wenzangu, mkiona naandika kwa hasira, mnivumilie. Jambo lenyewe bado linanichoma!

Mume wangu Patrice alifariki akaniachia watoto watatu na mabwawa mawili ya samaki nje kidogo ya mji. Tuliyachimba pamoja kwa koleo, mimi na yeye. Nilijua kulisha tilapia, kuvua, na kupelekea wateja wa mtaa wa Golf majumbani mwao. Watoto walisoma. Tulikula.

Ndugu za mume wangu hawakupendezwa. Tukikutana njiani, walinipita kama mlingoti wa umeme.

Kisha maji yakageuka kijani kizito... samaki wakaanza kudhoofika. Hapo ndipo alipotokea Fabien, mdogo wa marehemu, ametoka Dar es Salaam. Na alivyokuwa mpole!

Akanieleza kwamba kule pwani alifanya kazi kwenye shamba la samaki, na kwamba maji waliyasafisha kwa sifongo. Ni viumbe hai wa baharini, wenye vitundu vitundu kama eponji ya kuoshea vyombo. Wanafyonza maji machafu, wananasa uchafu, wanayatoa safi. Bila mashine, bila umeme.

Nilimwuliza: na maji yetu haya yasiyo na chumvi?

"Yaya, miye niko ndugu yako," akanijibu, akiniita dada mkubwa kwa heshima. "Nitakudanganya juu ya nini? Zitazoea tu."

Sifongo zililetwa kwa lori, ndani ya mapipa. Zilikuwa zinanuka. Akasema ndiyo harufu ya bahari. Mimi bahari sijawahi kuiona hata siku moja... ningejuaje?

Nilitaka tujaribu bwawa moja kwanza. Akakataa. Akazitia mwenyewe kote kuwili, akanawa mikono, akaenda zake.

Kesho yake maji yalikuwa meupe kama yamemwagiwa maziwa, yana povu. Samaki walipanda juu, midomo wazi, wakihema. Niliingia majini na nguo zangu kuzitoa zile sifongo. Zilikatika mikononi mwangu kama nyama iliyooza! Binti yangu alisimama ukingoni akilia. Kabla jua halijazama, matumbo meupe yalikuwa yamefunika bwawa lote. Na la pili vilevile.

Hata sijamaliza kuwafukia, nikaitwa kikao cha ukoo kwa mama mkwe. Fabien akasimama mbele ya wote. Akasema mjane ameshindwa, kiwanja cha mabwawa kirudi kwa wenyewe.

Nikamwuliza mbele yao: wewe uliyefanya kazi na sifongo, hukujua kwamba zikikosa chumvi zinakufa na kuoza?

Akacheka. Alicheka, jamani!

"Nilijua. Kile kiwanja iko ya famille, ya ukoo, haiko yako. Uliwaza utabakia nayo mpaka lini?"

Hakuna aliyemkemea. Mama mkwe, ambaye nilimwosha na kumlisha alipougua, alitazama sakafu. Wiki ileile walibadilisha kufuli la geti la mabwawa.

Leo Fabien amebadilisha maji, anafuga tilapia katika mashimo niliyochimba kwa mikono yangu. Mimi nauza samaki wakavu wa kununua kwa wengine. Jumapili iliyopita, padri aliposema tupeane amani, Fabien alininyooshea mkono. Nikauacha hewani. Msiniambie nisamehe!

Sifongo husafisha maji kweli, lakini kwao baharini. Alichukua ukweli wa huko akaja kuniulia samaki nao huku. Ndiyo maana niliamini.

Wajane wenzangu, nawasihi... kiwanja kiandikisheni kwa jina lenu machozi yakingali mabichi, msisubiri huruma ya mtu. Na akija ndugu na dawa ya kuokoa mali yenu, mwambieni aijaribu kwanza kwenye beseni, na samaki mmoja, mbele ya macho yenu. Akikasirika, mfungieni geti!