Kijiko cha Bondeni

Asiyesadiki na asisadiki. Mimi haya yamenikuta nyumbani kwetu.

Mjomba aliyenilea ndiye aliyekuwa akifungua maji mtaani. Mchana hugonga bomba kwa spana mara mbili ili watu watege ndoo, kisha hufungua koki. Bondeni, bibi mmoja aliyeishi peke yake hujibu kwa kijiko kwenye bomba lake: ko, ko. Tukamwita Bibi Kijiko.

"Mchumba kaitika!" nilimtania mjomba.

Alicheka. Miaka nenda rudi walisalimiana hivyo, wapweke wawili, bila kuketi pamoja hata siku moja.

Ukame ulipokaza, kamati ya maji ikaamua bondeni kufungwe, maji yabaki mlimani wanakokaa wao.

"Kule kuna mzee, hawezi kupanda na ndoo," mjomba alisema.

"Majirani watamtekea. Funga," mwenyekiti akajibu.

Majirani gani, jamani? Wote walishahama kwa kiu!

Mimi nilikuwa safarini. Niliporudi, bibi ameshazikwa. Walimkuta chini ya bomba, kijiko mkononi.

"Alinigongea mpaka mkono ukamchoka," mjomba aliniambia. "Sikumwitikia."

Kamati haikuona haya. Mabomba ya bondeni yakang'olewa, yakaenda kufukiwa mlimani ili wao wapate maji zaidi. Kwenye koki kikabaki kipande cha bomba kilichokatwa, kimeelekea hewani.

Mchana mmoja nilimkuta mjomba hapo. Akakigonga kile kipande. Mara mbili.

Ndani yake kukaitika: ko, ko.

"Umesikia?" akaninong'oneza.

Nilisikia. "Mjomba, twende nyumbani."

"Anataka maji, mwanangu."

Akajitwika ndoo ya maji. Akateremka. Hakugeuka.

Hakurudi.

Nyumba ya bibi tuliikuta na kufuli kwa nje, limeshika kutu. Tukalivunja. Ndani kulikuwa na ndoo ya mjomba, tupu. Sakafu mbichi. Mtu hakuna.

Tumemtafuta hadi leo.

Sasa kule mlimani ndiko wasikolala. Yale mabomba yanagonga ndani ya kuta zao. Kwanza kijiko. Kisha spana inaitikia. Mwenyekiti ameyafukua mara mbili, hakukuta kitu. Amehama.

Mimi nimebaki na chumba cha mjomba. Kila mchana nagonga bomba letu na kutega sikio. Wanaongea wao kwa wao. Mimi hakuna anayeniitikia.