Barua ya Hakimu Kwenye Geti Jekundu

Jua lilikuwa linazama upande wa Goma, na Hakimu bado ana barua chache za kupenyeza chini ya mageti ya Mbugangari. Dalali wa nyumba huyu, mjanja haswa. Wenzake huandika "tunanunua nyumba", na karatasi zao huishia kufungia karanga. Yeye aliweka picha ya nyumba yenyewe, halafu maneno matamu: *Mama, niko tayari kuingia kwako leo.*

Mkewe Rayhana, mjamzito, aliyekuwa akigawa barua barabara ya pili, alikuwa amemwonya. "Hiyo neno 'leo' utoe. Hatujui ni nani anasoma."

Alicheka tu. Mbishi yule!

Geti jekundu alilolipelekea barua jana lilikuwa wazi. Bibi kizee amesimama, koti mwilini, barua mkononi.

"Karibu, mwanangu. Nauza. Bei sema we."

Bahati gani hii! Akaingia. Sebule ilinuka majivu mabichi. Bibi akampa chupa ya fanta. Huku kwetu mauzo hufungwa kwa kinywaji, na hunywi kabla hujakagua nyumba. Hakimu alilijua hilo. Lakini tamaa ilishampanda kichwani.

Akanywa.

Ilikuwa vuguvugu... na ina chumvi.

"Bon, vizuri," bibi akanong'ona. "Na mi niliingia hivi, ningali msichana. Utatoka siku utaambia mwingine karibu."

Bibi akaondoka mbio, barua ikimdondoka barabarani.

Hakimu akamfuata. Akavuka geti... akajikuta sebuleni. Akavuka tena. Sebuleni. Akaruka dirisha. Sebuleni! Simu nayo kimya. Akalia kwa sauti, akimwita marehemu mama yake.

Kisha...

Ngo. Ngo. Ngo.

"Hodi?" Rayhana! "Hakimu, uko humu? Nimeokota barua yetu hapa njiani. Mbona we uko kwa picha ya barua, kwa dirisha la nyumba?"

Neno moja tu, "karibu", naye yuko huru. Lilikuwa limeshafika ulimini. Akauma mkono wake mpaka damu ikatoka, asije akamwingiza mkewe.

Nyayo za Rayhana zikaanza kuondoka, polepole. Alhamdulillahi!

Ndipo nyuma yake, pale sebuleni, mtu akakohoa. Akasema kwa sauti ya Hakimu mwenyewe, tamu vilevile kama maneno ya kwenye barua:

"Karibu, mke wangu."

Nyayo zikageuka.