Sindano Katika Jicho la Babu

Mwenye kuogopa na asogee karibu na jiko, ingawa hadithi hii ikifika mwisho atatamani angekaa mlangoni.

Theluji ya pale msituni ilikuwa na kitobo. Si kikubwa, kikombe cha chai kingekiziba, lakini ukingo wake ulikuwa wa manjano kama meno ya mvuta tumbaku, na ndani yake mvuke ulitoka polepole, ukakatika, ukatoka tena. Machi ndiyo kwanza ilikuwa imeingia, na baridi ya kijiji cha Sylgy-Kyuol ilikuwa ile ambayo ukitema mate yanafika chini yakiwa changarawe. Katika baridi hiyo kitu kinachotoa mvuke ni farasi, mtu, au birika. Pale hapakuwa na farasi wala birika.

Kerechene alifurahi kama aliyeokota dhahabu. Kazi yake ilikuwa kuchunguza mioto ya misitu, na msitu ule uliungua kiangazi kizima mpaka theluji ikaufunika. Kijiji kizima kiliapa kwamba moto umekufa. Yeye peke yake alishikilia kwamba haujafa, umeshuka chini kwenye mboji, umelala huko unatafuna mizizi taratibu, na theluji ikiyeyuka utaamka uendelee pale ulipoishia. Wakubwa wake mjini walimwambia alete ushahidi. Na ushahidi ndio huo, unahema mbele ya viatu vyake.

Akachukua sindano. Ndivyo walivyoviita vile vyuma virefu vya kupimia joto la ardhini, vyenye redio ndogo kichwani ya kutuma vipimo ofisini. Zilizoletwa kutoka mjini zilikuwa butu, zikigonga udongo ulioganda zinapinda kama mshumaa. Hii ilinolewa na Bolot, mumewe, mhunzi wa kijiji, fundi ambaye visu vyake vinanyoa ndevu na homus zake, vile vinanda vya chuma vya kupigia mdomoni, zinaliza wakwe. Ncha aliyoitoa Bolot ungeweza kushonea buti.

Sasa, mtoto yeyote wa kwao, kabla hajajua kufunga vifungo vya koti lake, anajua kwamba moto hauchokolewi kwa kitu chenye ncha. Moto una mwenyewe. Ni mzee wa ndevu nyeupe, anakaa humo ndani ya makaa, na ukimchokoa kwa kisu unamtoboa jicho. Nyumbani Kerechene hakuwahi kukosea hata siku moja. Alikoroga makaa kwa kijiti butu, na chapati ya kwanza aliitupa motoni kabla mtu hajaonja. Lakini moto wa nyumbani ni moto wa nyumbani, na hapa palikuwa theluji, na kitobo, na kazi. Wala jambo hilo halikumpitia akilini. Akaishika sindano kwa mikono miwili, akaididimiza.

Iliingia bila ubishi, kama inaingia kwenye yai la kuchemsha. Huko chini kabisa ikagusa kitu chenye kuteleza, kikabonyea kidogo, kisha kikapasuka. Ikasikika sauti, kama ya mtu anayevuta hewa kwa meno baada ya kuungua ulimi. Halafu harufu ya nywele zilizoungua.

Semyon, mwenzake wa kazi, mtu anayetania hata msibani, akasema, "Dada, umemtoboa babu jicho."

Wakacheka wote wawili. Walipomaliza kucheka mvuke ulikuwa umekatika, na safari hii haukurudi.

Jioni hiyo nyumbani, jiko lilikuwa linawaka kama kawaida, isipokuwa halikutoa sauti. Kuni za msonobari mkavu, zinazolia na kupasuka mpaka wageni wanaruka, ziliungua kimya kama karatasi. Bolot alisema kuni zina unyevu. Kerechene akakubali, ingawa yeye ndiye aliyezipasua na alijua zilivyo kavu.

Kesho yake kwenye karakana ya uhunzi, chuma cha Bolot kiliiva chekundu lakini nyundo ilipokipiga hakikutoa hata cheche moja. Akarudi nyumbani mapema, akasema mivukuto inakohoa. Kerechene alimwuliza inakohoaje. Bolot akawaza kidogo, akasema inakohoa kizee.

Kikohozi kikahamia nyumbani. Kilikuwa chini ya sakafu, upande wa jiko, kikavu, na baada yake ile harufu ya nywele. Na mlango wa jiko, ambao ulikuwa na tundu dogo la hewa lenye mwanga wa moto, Kerechene alianza kuuogopa, maana alipopita kwenda kuchota maji lile tundu lilikuwa jekundu, na aliporudi na ndoo lilikuwa jeusi, na alipogeuka mgongo alihisi joto likimfuata shingoni, kutoka dirishani mpaka mezani na kutoka mezani mpaka kitandani, kama mtu anayegeuza uso ili amwone vizuri kwa upande mmoja tu.

Asubuhi moja Bolot aliamka, jicho lake la kulia likiwa jeupe kama la samaki aliyeiva.

Hospitali ya wilaya walimmulika, wakampa dawa ya matone, wakasema wasubiri. Waliposubiri, jicho la kushoto nalo likaanza kuingia ukungu pembeni. Mhunzi asiyeona si mhunzi, na Bolot hakuwa na ufundi mwingine wala hakuutaka. Alikaa kwenye benchi akipapasa nyundo yake kama mtu anayeaga. Alimwambia mkewe anachoogopa si giza, anaogopa kusahau chuma kilichoiva kina rangi gani.

Ndipo Kerechene alipomwita Bibi Ogdo, nyanya yake Bolot, ambaye watu wazima na akili zao walimwendea kwa mlango wa nyuma dawa za hospitali zikishindwa. Bibi aliingia, hakusalimia mtu, akaenda kuketi mbele ya jiko na kulisikiliza kama anayesikiliza mgonjwa kifuani. Akanong'ona, "Huyu amenuna. Nani amemchokoa?"

"Hakuna, Bibi. Haki ya Mungu, tunatumia kijiti."

Bibi akamgeukia mjukuu wake. "Bolot, wewe umenoa nini?"

Bolot akataja visu, shoka la jirani, mkasi wa kukatia manyoya. Kisha akaitaja sindano. Kerechene akamgeukia mumewe, kwa sababu wote wawili walikuwa wamefika mahali pamoja kwa wakati mmoja.

Akasimulia yote, mpaka na utani wa Semyon. Alipomaliza akaomba kwa sauti ya chini, "Mfukuze, Bibi. Mfukuze huyu jini atuache."

Bibi Ogdo akamtazama kama anavyotazamwa mtu aliyevaa viatu kichwani. "Nimfukuze? Nje baridi inaua farasi. Akitoka yeye, mtalalia nini, theluji? Babu hafukuzwi, mwanangu. Babu anaombwa radhi. Chuma bado kiko jichoni mwake. Kingekuwa jichoni mwako ungelala?"

Kerechene alijua maana yake. Wakubwa walishaona vipimo vya mwanzo, walishatuma pongezi, na walitaka sindano isiguswe mpaka masika. Akiing'oa, ushahidi unakwisha na jina lake linarudi kuwa la mtu wa porojo. Akamtazama Bolot, aliyekuwa anaitafuta chai yake mezani na kuikosa. Akavaa koti.

Alikwenda mchana kweupe, jua linawaka juu ya theluji mpaka macho yanauma, na wala usidhani jua linasaidia. Alibeba siagi na chapati kifuani zisigande. Miti iliyoungua ilisimama myeusi, haina kivuli cha maana, na kadiri alivyokikaribia kitobo ndivyo theluji ilivyozidi kuwa laini chini ya viatu, ikawa maji, ikawa matope yenye uvuguvugu, na alipopiga magoti na kuishika sindano aliisikia inadunda mikononi mwake kama mshipa, na aliposema nisamehe Babu sikukuona, sauti yake ikatoka ya mtoto, na alipoivuta ikakataa, akavuta tena, na kitu huko chini kikaja nayo kidogo, kikaishikilia, kisha kikaiachia ghafla hivi kwamba alianguka chali na chuma kifuani. Akarusha chapati na siagi kitoboni. Hakusikia vikifika chini.

Bolot aliifua sindano ile akiwa na robo ya jicho, Bibi Ogdo akimshika kiwiko, Kerechene akivuta mivukuto. Alikivunja kile kichwa cha redio, akaipiga ncha mpaka ikawa bapa, mviringo, butu kama ulimi wa ng'ombe, kijiko cha kumlishia moto. Pigo la mwisho likatoa cheche. Moto wa tanuri ukanguruma, kuni zikalia, na Bibi akacheka kwa fizi.

Ukungu ukaondoka kwenye jicho la kushoto. La kulia lilibaki jeupe.

"Amekuachia moja," Bibi alisema. "Na yeye kabaki na moja. Msidai zaidi."

Kerechene alikwenda ofisini kufunga kazi, mfukoni ana vipande vya ile redio. Semyon alikuwa mbele ya kompyuta, hacheki.

"Dada, sindano hukuing'oa?"

"Iko jikoni kwangu. Ni kijiko."

Semyon akasogea pembeni ili aone. Mstari wa vipimo vya sindano ile ulikuwa bado unakuja kwenye kioo, mbichi, wa sasa hivi. Ulikuwa umesimama kwenye joto la mwili wa mtu. Ukashuka ghafla, ukarudi. Ukatulia, ukashuka, ukarudi. Kerechene aliutazama mpaka akaelewa kwamba unapepesa, na alipoelewa akajikuta amemwinamia Semyon sikioni, anamnong'oneza asisogee.

Mstari ukanyooka. Haukushuka tena, kama jicho lililompata yule liliyekuwa likimtafuta.