Barua ya Kazi Yoyote

Ndugu zangu, nyumba ile ilikuwa na raha yake. Asubuhi cherehani ya mke ilianza kulia sebuleni, na mume akanywa chai taratibu, shati limenyooshwa, tayari kwenda kazini. Watu walimwita Bwana Stoo, kwa kuwa alitunza stoo ya dawa miaka tisa bila kupoteza hata katoni moja. Kisha kampuni ikafungwa.

Akaandika barua ya kuomba kazi. Moja tu. Akaitoa nakala sitini, juu akaacha nafasi ya kujaza jina la ofisi kwa kalamu. Ndani ilisema: “Niko tayari kufanya kazi yoyote nitakayopangiwa.”

“Wewe ni mtu wa stoo,” mkewe alimwambia. “Si uandike stoo?”

“Nikichagua wataona nina maringo, mama watoto.”

Miezi saba ikapita kimya. Nyumba nzima ikategemea vidole vya yule mama, naye mgongo ukaanza kumsumbua. Hatimaye hospitali moja iliyotafuta mtunza stoo ikamwita mumewe kwenye usaili, kwa sababu ya mstari mmoja mwishoni mwa wasifu wake uliotaja kampuni ile ya dawa.

Mke akaweka kitambaa pembeni. “Kaa hapa nikuulize maswali, ujizoeze.”

“Miaka tisa yote, nijizoeze nini?”

Hapo hata mimi ninayesimulia nashikwa na hasira.

“Tueleze habari zako,” mwenyekiti wa usaili alimwambia siku ilipofika.

“Mimi ni wa tatu kuzaliwa, kwetu tuko saba. Nina watoto wanne. Hali ni ngumu, mheshimiwa. Nisaidieni.”

“Pole sana. Na utunzaji wa dawa unaufahamu?”

“Naufahamu.”

Wakasubiri aendelee. Akatazama viatu vyake.

“Umeandika kazi yoyote. Sisi tuna hii moja.”

“Yoyote mtakayonipa, nitashukuru.”

Wakamshukuru kwa kuja. Wiki mbili baadaye akabisha hodi dada mmoja aliyekuwa msaidizi wake kule stoo. Uso ulimng’aa.

“Bosi, nimepata kazi ya stoo hospitali. Nimekuja kukushukuru.”

“Hongera, mdogo wangu,” alisema. Ilikuwa hospitali ile ile iliyomsaili.

“Niliwasimulia siku ile umeme ulipokatika, ulivyotupanga tuhamishe chanjo zote kwenye makasha ya barafu, isiharibike hata moja. Wakapenda sana. Wakaniuliza huyo aliyenifundisha yuko wapi, maana mtu wa namna hiyo ndiye waliyemtafuta tangu mwanzo.”

“Ukawajibu nini?”

“Niliwaambia sijui uko wapi siku hizi. Hapa kwako nimeelekezwa leo tu.”

Cherehani ilinyamaza. Mkewe alimtazama. Bwana Stoo akamkaribisha mgeni kiti, yeye akabaki amesimama.

FUNZO

Wewe unayetafuta kazi, achana na barua moja ya kupelekwa kila mahali. Taja kazi unayoiomba, na ueleze uliyoifanya, lini na ikawaje. Ukiulizwa habari zako, wanauliza habari za kazi. Shida za nyumbani kila mtu anazo, hata wao. Na akitokea mtu wa kukuzoeza maswali, kaa chini uulizwe. Bwana Stoo alidhani ananyenyekea. Kumbe alikuwa anawanyima wanawe riziki kwa kunyamaza, na mkewe bado anashona.