Amplifaya ya Taa Baridi

Kila alasiri akitoka shule, Matrida alichota maji, akaosha vyombo vya mchana, kisha akakimbilia uwanjani kucheza netiboli na wenzake wa mtaa wa Mukendo. Jumatatu hiyo baba yake, Mzee Mugeta seremala, alimvurugia ratiba.

"Pitia dukani kwa Florian," alimwambia. "Ana amplifaya mbili za taa ambazo mfuko wangu unaziweza. Nenda na kaseti ya bibi, zisikilize zote mbili, uniambie ipi inatoa sauti ya mtu. Mimi masikio yangu misumeno imeshayamaliza."

Bibi Susana aliimba kwaya huko Butiama maisha yake yote, na sauti yake ilibaki kwenye kaseti hiyo moja tu. Jumamosi ndugu wangekuja kumkumbuka na kumsikiliza. Baba alitaka amplifaya ya taa, ile yenye vichupa vya kioo vinavyowaka, kwa sababu redio ya utotoni mwake ilikuwa hivyo na sauti yake ilikuwa nzito na laini.

Matrida alikasirika. Kwa nini yeye, na timu inamsubiri? Alifika dukani amenuna, akachungulia dirishani. Amplifaya moja ilikuwa ndogo, imechubuka rangi, ina vichupa viwili. Nyingine ilikuwa kubwa, na vichupa vyake vinne viling'aa rangi ya chungwa. Hakuingia hata ndani. Alikwenda zake kucheza.

"Nimezisikiliza, baba. Chukua ile kubwa," alisema baadaye, bila kupepesa macho.

Baba akainunua. Alhamisi dada yake, shangazi Hyasinta, fundi wa redio kutoka Bunda, alikuja kuifunga. Alipobonyeza swichi, sauti ilitoka papo hapo, kali ya kukwaruza, na bibi alisikika kama anaimbia ndani ya ndoo. Shangazi akakunja uso, akashika kichupa kimoja kwa vidole vitupu.

"Baridi," alisema. "Taa ya kweli inapataga moto kwanza ndiyo iimbe, na ukiishika hivi inakuunguza. Hivi wameviwekea balbu chini, ni pambo tu. Mama yangu ndiye mnataka aimbe kwenye takataka hii?"

Baba alilibeba dude lile begani, mishipa ya shingo imemtoka, wakarudi dukani wote watatu na kaseti yao. Matrida naye alikuwa anachemka. Florian ni mwizi, alijisemea njia nzima, wala netiboli yake haikumjia akilini.

"Umeniuzia pambo," baba alifoka.

"Si mlichagua wenyewe, mzee?" Florian alijibu.

"Mwanangu aliisikiliza hapahapa kwako."

"Huyu? Huyu alisimama dirishani akaondoka. Angeingia ningemwashia zote."

Baba aligeuka, akamtazama binti yake. Hasira yote ya Matrida ikamrudia mwenyewe.

"Sikuingia, baba. Nilidanganya. Nilitaka kuwahi kucheza."

Florian alianza kutabasamu. Shangazi alimkatiza. "Usicheke wewe. Uongo ni wako, huyu ameubeba tu mpaka nyumbani. Tunakurudishia, na tunachukua ile ndogo. Leo inawashwa hapa, mbele yetu."

Florian alinung'unika, lakini wateja wawili walikuwa wamesimama wanasikiliza, akaiwasha. Ilikawia karibu nusu dakika. Kisha Bibi Susana akaimba, na hata pale alipovuta pumzi palisikika. Shangazi alifuta machozi kwa upindo wa kanga, hasira bado usoni.

Walipotoka nje, Matrida alisema, "Nisamehe, baba."

"Ungeniambia hukuingia, ningefoka, halafu ningekwenda mwenyewe," baba alisema. "Mtu akiniambia mbao imekauka, naipigilia misumari. Kumbe mbichi, na mlango unapinda nyumbani kwa watu. Wewe ulinipa mbao mbichi, Matrida. Kazi ambayo hujaifanya, sema hujaifanya. Hasira yangu huwa inapoa siku hiyohiyo. Lakini Jumamosi ningewaita watu waje kumsikia mama yangu, na nisingekuwa naye."

Alimpa ile amplifaya ndogo aibebe. Ilikuwa nzito na bado ina moto, na Matrida aliibeba mpaka nyumbani bila kuomba kupokewa.